Kutafuta maandishi ni kazi ya lugha, si ya kompyuta pekee

Kuna sentensi moja ambayo ni nadra kuikosa katika tasnifu za wanafunzi wetu wa saikolojia. Huja mwishoni mwa sura ya pili, nayo husema: “Mtafiti hakupata utafiti wowote uliofanywa kuhusu suala hili.” Mhadhiri huipigia tiki, mwanafunzi husonga mbele, na pengo la utafiti huwa limepatikana. Swali langu katika makala haya ni dogo tu. Je, mtafiti huyo alitafuta vipi? Aliandika maneno gani?

Nauliza kwa sababu kutoona si ushahidi wa kutokuwepo. Nionavyo mimi, tumekosea kulichukulia suala hili kuwa la watu wa kompyuta, ati mwanafunzi akijua kubonyeza basi atapata. Kutafuta maandishi ya kitaaluma ni kazi ya lugha: kujua visawe, kutambua istilahi, kupima maana pana na maana finyu. Wanaoketi mbele ya skrini huko Kisauni au Changamwe hawakosi intaneti. Wanachokosa ni maneno.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Miongozo mingi ya utafiti inayoandikwa kwa Kiswahili huiita sura ya pili “mapitio ya fasihi”. Jina hili limepotoka. Kiingereza hutumia neno moja kwa sanaa ya kina Shaaban Robert na pia kwa maandishi yoyote ya taaluma fulani. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo: fasihi ni sanaa itumiayo lugha, makala kuhusu dawa za kutibu sonona si fasihi. Ndiyo maana naunga mkono wanaosema “mapitio ya maandishi” au “mapitio ya kazi tangulizi”. Huu si ubishi wa majina tu. Mwanafunzi aliyeambiwa apitie fasihi huandika masimulizi: fulani alisema hivi, fulani akasema vile. Aliyeambiwa apitie kazi tangulizi hulazimika kujiuliza ni kazi zipi, ziko wapi, na atazifikia vipi.

Hebu tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilizama katika kivuko cha Mtongwe, Likoni, na watu 272 wakafariki. Tuseme mwanafunzi kutoka Likoni anataka kuchunguza namna jamaa za marehemu walivyoishi na msiba huo. Anafungua Google Scholar katika simu yake, anaandika mada yake nzima kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kwenye jalada, pamoja na Mtongwe, Likoni, Mombasa na Kenya. Akikosa, anafunga simu. Hakuna utafiti!

Kosa liko wapi? Ametafuta mahali badala ya kutafuta dhana. Mada hiyo ina dhana tatu: ajali ya chombo cha majini, kufiwa, na athari za muda mrefu katika akili. Kila dhana ina visawe vyake, na mwandishi aliyetangulia huenda alitumia kisawe ambacho mwanafunzi hakukiwazia. Kwa kufiwa pekee, Kiingereza kina “grief”, “bereavement” na “mourning”. Kwa chombo kuna “ferry”, “ship” na “boat”. Visawe huunganishwa kwa AU; dhana huunganishwa kwa NA. Kanuni hii ina mizizi katika kazi ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1864, na hifadhidata zote kubwa za kitaaluma huitumia hadi leo. AU hupanua wavu, NA huubana. Mvuvi wa Mtongwe hahitaji kufundishwa hilo mara mbili.

Akitafuta hivyo, mwanafunzi wetu atafika Korea Kusini. Feri ya Sewol ilizama huko Aprili 16, 2014, watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi wa shule moja ya upili mjini Ansan. Wanasaikolojia wamewaandikia sana wazazi hao na vijana walionusurika. Hapa Afrika Mashariki tuna MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria mwaka wa 1996, na MV Spice Islander iliyozama karibu na Zanzibar mwaka wa 2011. Mfiwa wa Ansan na mfiwa wa Likoni hawafanani kwa dini wala kwa matanga. Hata hivyo, maswali aliyoulizwa mmoja yanaweza kumsaidia mtafiti asimuulize mwingine ovyo.

Istilahi nazo zina umri. Ugonjwa unaofupishwa kama PTSD uliingia katika mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili mwaka wa 1980. Anayetafuta kwa jina hilo maandishi ya enzi ya Vita vya Kwanza vya Dunia atatoka mikono mitupu, kwa kuwa wakati huo watu walisema “shell shock”. Kwa sababu hiyo, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilitoa mwaka wa 1974 orodha ya istilahi rasmi zinazotumiwa kuainisha makala katika hifadhidata yake, PsycInfo. Orodha hiyo hutenga sonona ya kitabibu na huzuni ya kawaida. Asiyejua tofauti hiyo huchanganya wagonjwa na watu waliokasirishwa na matokeo ya mpira.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo miongozo ya kuiga hutuangusha. Mwanafunzi hufundishwa kukata neno na kuweka alama ya nyota mwishoni. Akiandika “depress*” atapata maumbo yote yanayoanza hivyo. Mbinu hiyo inafaa Kiingereza kwa sababu mabadiliko mengi ya maneno yake hutokea mwishoni. Kiswahili hubadilika pia mwanzoni. Andika “fiwa*” uone: “mfiwa”, “wafiwa”, “kufiwa” na “waliofiwa” yote yatakupita, kwa kuwa hakuna hata moja linaloanza na mzizi huo. Anayepekua majarida kama Kiswahili, Mulika au Swahili Forum hana budi kuorodhesha maumbo hayo moja baada ya jingine na kuyaunganisha kwa AU. Kati ya miongozo niliyoisoma, sijaona hata mmoja unaosema hivyo. Imenakiliwa kutoka kwa wenye lugha nyingine.

Aidha, kuna maneno ya mgonjwa mwenyewe. Huku bara ya Mombasa mtu hasemi ana sonona. Husema ana mawazo, au anafikiria sana. Mwanafunzi huyadharau maneno hayo kwa kuyaona ya mtaani. Kumbe Washona wa Zimbabwe wana neno lao, “kufungisisa”, yaani kufikiri kupita kiasi, na limetajwa katika toleo la tano la mwongozo ule wa Wamarekani, la mwaka wa 2013. Mwaka wa 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walichapisha mapitio ya machapisho 138 kuhusu usemi huo wa “kufikiri sana” duniani kote. Ukitafuta kwa istilahi ya hospitali pekee, hazina hiyo inaweza kukupita. Vivyo hivyo, anayetafiti habari za “mateja” na “unga” ajue kwamba majarida yanasema “heroin”, “opioid” na “people who inject drugs”. Atafute kwa lugha zote mbili, ya maskani na ya jarida.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu. Jeffrey Arnett alipochunguza majarida sita ya APA ya miaka ya 2003 hadi 2007, aligundua kwamba asilimia 68 ya washiriki walitoka Marekani. Saikolojia inayodai kumwelezea binadamu imejengwa kwa kumwangalia binadamu mmoja sana na wengine kidogo. Kazi chache zinazotuhusu hazijitokezi zenyewe ukurasa wa kwanza. Lazima zifuatwe, kwa mfano katika African Journals Online, na hata PubMed ambayo ni ya bure.

Najua kuna watakaosema, “Mwalimu, siku hizi kuna akiliunde, itatutafutia.” Kusema kweli, programu hizo zimethibitika kubuni marejeleo: kichwa kizuri, jarida la kweli, makala isiyokuwepo. Atakayeinasa hila hiyo ni yule tu anayejua kutafuta mwenyewe.

Tufanyeje basi? Napendekeza kila tasnifu iwe na ukurasa mmoja unaoonyesha maneno yaliyotafutwa, hifadhidata zilizopekuliwa, tarehe, na idadi ya matokeo. Hili si geni. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka wa 2009, uliohuishwa mwaka wa 2020, huwataka waandishi wa mapitio ya kimfumo wafanye hivyo. Pili, somo hili lifundishwe na mhadhiri wa saikolojia, mkutubi na mtu wa lugha wakiwa darasani pamoja, wiki chache kabla ya pendekezo la utafiti kuandikwa, si baada.

Na ile sentensi ya “hakuna utafiti” isikubaliwe bila ukurasa huo. Gharama ya kuikubali hailipwi na mwanafunzi wala na mhadhiri. Hulipwa na mama wa Likoni anayebishiwa hodi na kijana mwenye hojaji, aulizwe upya siku ile mwanawe alivyokufa maji, ili kupata majibu ambayo huenda yamekuwa maktabani miaka mingi.