Mtandao Unapoishia Mlangoni

Nyumba yenyewe iko Lushoto, kwenye mteremko: matofali ya kuchoma, nondo za kutosha, bati jipya. Uani simu inashika bila shida. Ukiingia sebuleni ni "haloo, haloo, husikiki". Wenyewe walishabadilisha laini, wakabadilisha na simu, hali ikabaki ileile.

Fundi alianza kwa kupima. Simu nyingi za Android ukibonyeza *#*#4636#*#* zinakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Vile vijiti vya juu ya kioo achana navyo, maana kila kampuni hujichorea itakavyo. Namba hizo huwa hasi, na ikisogea karibu na sifuri ndiyo nzuri. Uani ilisoma -92, sebuleni -114. Pengo la desibeli 22 maana yake ni kwamba ndani hakifiki hata kimoja kwa mia cha nguvu iliyopo nje. Bati linayarudisha mawimbi, ukuta unameza yaliyobaki, hasa yale ya megahezi 1800 kwenda juu. Ya 800 na 900 hupenya afadhali.

Wengi wakifika hapa hununua antena, wakaisimika juu ya mlingoti na kuteremsha waya mrefu hadi kwenye ruta. Hela inapotelea kwenye waya. Ule mwembamba wa RG58, ukiwa na mita 10, kwenye megahezi 1800 unakula desibeli 7 hivi, yaani takriban nne ya tano ya kile antena ilichokamata. Muuzaji hakuambii hilo.

Fundi wetu aliipandisha ruta yenyewe. Alifunga ruta ya nje, isiyoingia maji, chini ya ukingo wa paa, kisha akashusha waya mmoja wa data unaobeba na umeme wake. Waya huo hubeba data, si mawimbi ya redio, na unaweza kufika mita 100. Ndani akaweka Wi-Fi ya kawaida.

Kazi iliyomchelewesha ni kuielekeza ruta hiyo ya nje. Aligeuza kidogo, akasubiri, akasoma namba mbili: nguvu, na SINR, yaani mawimbi yanavyoizidi kelele. Upande wenye nguvu kubwa ulikuwa unapokea minara miwili inayogongana. Akauacha, akachukua ule wenye nguvu pungufu lakini kelele kidogo, na intaneti ikakimbia zaidi. Hapo ndipo nilipomvulia kofia.

WhatsApp sasa inapiga hadi chumba cha mwisho. Simu za kawaida zitapita kwenye Wi-Fi iwapo tu mtandao wako na simu yako vyote vinakubali, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa hela. Na ukiletewa "busta" ya bei chee isiyo na idhini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, usiinunue: ikianza kuupigia mnara kelele, mtaa mzima unakosa mtandao.