Mama Asiyeandikwa Katika Nasaba

Wapenzi wa filamu za Kihindi wanaijua vizuri hadithi hii. Kijana mzuri wa sura, mtamu wa maneno, kila mtaa kamwacha msichana analia. Lakini moyoni ana jeraha lake, kwani hamjui mama aliyemzaa. Anamtafuta filamu nzima, na mwisho wanakutana, sote tukafuta machozi. Katika Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977, iliyoongozwa na Manmohan Desai, ndugu watatu waliopoteana utotoni wanamtolea damu mama mmoja hospitalini, bila ya wao wala yeye kujua kuwa ni mtu na wanawe. Filamu inatuambia kuwa damu haipotei.

Tumeanza na filamu kwa sababu ipo riwaya ya hapa Oman iliyoshika habari hiyo hiyo, ikakataa kuimaliza hivyo. Nayo ni Sayyidat al-Qamar ya Bibi Jokha Alharthi, iliyotoka Beirut mwaka 2010. Marilyn Booth aliitia katika Kiingereza kwa jina la Celestial Bodies, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Man Booker International, riwaya ya kwanza ya Kiarabu kuipata. Kijiji chake, al-Awafi, ni cha kubuni, lakini msomaji wa Ibra au Nizwa atakiona ni chake: mitende, falaji, na watu wasiosahau nani katoka wapi.

Yule kijana wa filamu, mwandishi amemgawa watu wawili. Mvunja nyoyo ni Nasir. Khawla, binamu yake, anamngojea miaka na miaka akatae wachumba wengine. Nasir anarudi, anamuoa, kisha anakwenda zake Canada kwa mwanamke mwingine. Mwenye kumtafuta mama ni Abdallah, mwana wa tajiri Sulayman. Yumo ndani ya ndege kuelekea Frankfurt, na mawazo yake yanarejea kwa mama aliyefariki yeye akiwa mchanga. Aliambiwa kuwa mama aling'oa mrehani uani, basi majini wakamuua. Chini ya hadithi hiyo mna mnong'ono mwingine, wa fitina na sumu. Abdallah anauliza, na hapana amjibuye. Hapa hapana hospitali ya kuwakutanisha watu damu kwa damu.

Lakini mama aliyekuwapo nyumbani siku zote ni Zarifa. Ndiye aliyemlea Abdallah, aliyembeba na kumlisha, na kila jambo alikuwa na methali yake. Naye alikuwa mtumwa wa Sulayman, na suria wake. Mwandishi amekifunga kuzaliwa kwa Zarifa na siku ile ya mwaka 1926 uliposainiwa mkataba wa Geneva wa kukomesha utumwa. Karatasi ikasainiwa huko, na mtoto akazaliwa mtumwa huku. Oman utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970. Sanjar, mwanawe Zarifa, anasema sasa tu watu huru, na anahamia Kuwait. Mama yake hayakubali kwa wepesi maneno yale, na riwaya haimcheki kwa hilo. Hapo ndipo tulipoiheshimu zaidi.

Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Walisema pia mwacha asili ni mtumwa. Ukiisoma riwaya hii, methali ya pili inakuuma. Zarifa hakuiacha asili yake; wazee wake walinyang'anywa, kisha yeye akaitwa mtumwa.

Lawama yetu ni moja. Katika kitabu chote ni Abdallah peke yake anayesema "mimi". Anayemtafuta mama amepewa sauti. Aliyemlea anasimuliwa na wengine. Wapo watakaosema kuwa ndivyo hali ilivyokuwa, na mwandishi kaionesha tu. Huenda. Lakini methali zile zote za Zarifa zinatupa hamu ya kusikia upande wake kwa kinywa chake, na kurasa zinakwisha hatujaushiba.

Jambo hili si geni kwetu tunaosema Kiswahili, tangu Sur mpaka Nizwa. Majina yetu ni bin na binti wa baba, baba wa baba, mpaka kabila. Mama hamo. Majid na Barghash waliotawala Unguja baada ya baba yao, Sayyid Said, kufariki mwaka 1856, wote wawili mama zao walikuwa masuria, lakini ni wangapi wetu wanaoweza kuwataja mama hao? Binti yake mmoja, Bibi Salme, ndiye aliyeandika jina la mama yake, Jilfidan, na namna alivyotekwa akiwa mtoto, katika kitabu chake cha mwaka 1886. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa nje mwaka 1970, nasaba ya baba ndiyo iliyokuwa mlango wa kurudia. Mama wa Tabora, wa Ujiji au wa Bujumbura hakuwa na mstari wa kuandikwa. Wengine walibaki huko huko, na watoto wao wamekulia hapa.

Basi msomaji, ukiisha kitabu hiki, usikimbilie kuuliza ni jumba gani la Sharqiyah alilokusudia mwandishi. Chukua kalamu uandike jina la mama, la bibi mzaa mama, na la yule aliyekulea ikiwa ni mwingine, na mji walikotoka. Wapo wazee bado wanaoyakumbuka majina hayo. Waulizeni sasa, wasije wajukuu wakaambiwa habari za mrehani na majini.