Tusimtupie Mgonjwa Lawama

Hapa Kabatoro mtu akiua kwa bunduki, utasikia: "Huyo kichaa tu." Mimi neno hilo nalikataa. Mei 2, 2023, waziri Engola aliuawa na mlinzi wake. Ilisemwa alilalamikia mshahara. Juni 16, ADF waliingia shule ya Lhubiriha, Mpondwe, hapo karibu na Bwera, wakaua watu 42, wakiwemo wanafunzi 37, wakarudi Congo na mateka. Hiyo ni kazi ya kupangwa, siyo ugonjwa. Sisi tuliotoka Beni twajua: jirani anayelia usiku alikimbia bunduki, hakuishika. Tukimwita muuaji, atajificha, kliniki haendi. Ndugu zangu, tuulize kwanza: bunduki ilitoka wapi, na nani aliituma?