Ngozi Ndiyo Sufuria: Mbuzi wa Kuchoma wa Kataboi

Ukiagiza mbuzi choma Lodwar, mji wa Turkana nchini Kenya, utaletewa nyama iliyochunwa na kuivia polepole kwenye wavu juu ya makaa. Lakini shika njia ya Kalokol, kilomita zipatazo 60, kisha fuata ufuo wa Ziwa Turkana kuelekea kaskazini hadi Kataboi. Huku kuna mbinu nyingine, na kwangu ndiyo bora: Waturkana humchoma mbuzi na ngozi yake.

Kazi huanzia tumboni. Kwenye akiriket, karamu ya nyama ya wanaume, wazee husoma matumbo ya mnyama wakitafuta dalili za mvua au za vita. Kisha mnyama hulazwa juu ya kuni zinazowaka. Manyoya hubabuka, hukwanguliwa, na ngozi hukakamaa na kuwa nyeusi tititi. Uhodari wote uko hapo. Mbuzi wa nchi kame hana mafuta mengi. Akichunwa na kupigwa na ndimi za moto, nyama hukauka nje kabla joto halijafika mfupani. Ngozi huukinga ukali huo na kuzuia majimaji, nyama ikaiva kwa mvuke wake yenyewe. Kano, ambazo hulainika joto likikaribia nyuzi 70 na kudumu hapo, hupata nafasi ya kuyeyuka. Maji hayahitajiki, na katika nchi hii hilo si jambo dogo.

Linganisha na Waarmenia: kwa khorovats, nyama yao ya kuchoma, husubiri ndimi zizime ndipo waweke mishikaki juu ya makaa. Lazima wasubiri, maana nyama yao haina kinga. Halafu kuna upepo. Upepo wa ziwa hili huzungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo, upande wa Marsabit. Moto wa wazi hulalia upande mmoja, kwa hiyo mchomaji habanduki, anageuza tu.

Gharama ya mbinu hii ni ngozi yenyewe, mali kwa mfugaji. Tena si kila mtu hukaribishwa. Kwenye akiriket wanaume huketi nusu duara kwa makundi yao mawili, Ngimor na Ngirisae, na mtoto wa kiume huingia kundi lisilo la baba yake. Mgeni hafiki hapo bila mwenyeji.

Asiye na mwenyeji ale mjini. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, Waethiopia hupika tibs, vipande vya nyama vya kukaanga, vitamu ingawa si vya moto wa wazi. Lodwar, mwombe mchomaji aweke paja zima na mfupa wake, akate likishaiva.