Dira ya Maji Ipimwe Pale Inapofanya Kazi

Kabla dira ya maji haijafungwa kwenye kilula cha kijiji huko Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, inapaswa iwe imehakikiwa. Kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002 na unaosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Kituo chake cha kuhakiki dira kiko Misugusugu, Kibaha, mkoani Pwani. Utaratibu huo ni wa lazima na haufai kubezwa, lakini unathibitisha nusu tu ya jambo. Lakiri ya Misugusugu inaeleza dira ilisoma vipi siku ile, juu ya meza ya majaribio, maji yakiwa safi na bomba likiwa limejaa. Haielezi itasoma vipi ikishafungwa kwenye miinuko ya Mbulu au chini ya Mlima Hanang, kwenye mradi ambao pampu yake ya jua huamka asubuhi na kulala jioni.

Mezani kazi hufanyika hivi. Maji hupitishwa kwenye dira kwa kasi iliyopangwa hadi kwenye chombo chenye ujazo unaojulikana, au kilicho juu ya mizani, kisha namba ya dira hulinganishwa na kilichoingia. Dira ikisoma lita 101.5 na chombo kikawa na lita 100, imezidisha kwa asilimia 1.5, na anayeumia ni mteja. Viwango vya kimataifa vya ISO 4064 na OIML R49 huiruhusu dira ya daraja la 2 kukosea asilimia 2, iwe kwa kuzidisha au kupunguza, maji yakienda kwa kasi ya kawaida, na asilimia 5 yakienda polepole. Kwa sababu hiyo jaribio hurudiwa kwa kasi ndogo, ya kati na kubwa. Chukua dira ya nyumbani yenye uwezo wa mita za ujazo 2.5 kwa saa na uwiano wa 80 kati ya uwezo huo na kasi ndogo kabisa inayopimika: uhakika wake unaanzia lita 31.25 kwa saa, na chini ya hapo mtengenezaji hatoi ahadi yoyote. Koki inayovuja lita 20 kwa saa humwaga lita 480 kwa siku, na dira hiyo haiwajibiki kuzisoma kwa usahihi.

Kijijini huongezeka mambo mawili ambayo meza haiyajui. La kwanza ni hewa. Pampu ikisimama na tangi likikauka, mabomba hubaki matupu. Maji yakirudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huzungusha gurudumu la dira. Mteja analipia upepo. La pili ni mchanga na tope, hasa pale chanzo kinapotoka mlimani na mvua ikiwa kubwa. Chembe hizo husugua na kukwamisha gurudumu, na dira iliyochoka aghalabu husoma pungufu. Hapo hasara hukihamia chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii: dira kuu ya kisimani inaonyesha maji mengi, jumla ya dira ndogo inaonyesha machache, na tofauti yote inaitwa uvujaji. Kamati ya chombo hicho inaweza kuchimbua bomba zima au kupandisha bei, kumbe tatizo liko kwenye vipimo.

Wapo watakaosema kuwa Misugusugu iko mamia ya kilomita kutoka Mbulu, na kung'oa dira kila mara ni gharama isiyobebeka. Ni kweli, ila hakuna anayelazimika kuzing'oa zote. Wengine watasema basi ndoo ya lita 20 inatosha. Haitoshi. Dira iliyo kazini huruhusiwa kukosea maradufu, yaani asilimia 4 kwa kasi ya kawaida, na kanuni ya uhakiki ni kwamba mashaka ya kipimo chenyewe yasizidi theluthi ya kosa linaloruhusiwa, hapa takriban asilimia 1.3. Msomaji akikosea desilita moja mwanzoni na nyingine mwishoni, kwa ndoo moja tayari amefikia asilimia 1, kabla hatujauliza kama mstari wa ndoo ya dukani unasema kweli. Kwa pipa la lita 200 lililo juu ya mizani iliyohakikiwa, makosa yaleyale ya kusoma ni asilimia 0.1 tu. Pipa, mizani, saa na koki ya kupunguzia kasi vinabebeka kwenye gari moja. Dira chache zikichaguliwa bila upendeleo katika kila mradi, ndizo zitakazoonyesha zipi za kubadilisha.

Pingamizi zito zaidi ni la teknolojia. Mifumo ya malipo ya kabla, kama eWATERpay iliyoanzia Gambia na kufika wilaya jirani ya Babati, huondoa wizi wa fedha na makosa ya kuandika daftarini. Hiyo ni faida kubwa. Lakini mfumo huhesabu fedha kutokana na lita ulizosomewa na kipimo. Kipimo kikipokea hewa, kompyuta itakata salio la hewa kwa usahihi kamili. Dira za mawimbi ya sauti hazina gurudumu la kusagika, ila nazo zinahitaji bomba lililojaa.

Kwa hiyo mradi wa maji usipokelewe kwa kuangalia lakiri peke yake. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na Wakala wa Vipimo, ambao una ofisi mkoani Manyara, waweke kwenye masharti ya makabidhiano jaribio la pipa na mizani pale pale kilulani, likiwamo la saa ya kwanza pampu inapowashwa, pamoja na vali za kutolea hewa kwenye vilele vya bomba. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kijiji, na jaribio lirudiwe kila baada ya masika. Anayelipia ndoo ana haki ya kujua kuwa amepewa ndoo.