Anguko la Rosa na Mahitaji ya Nafsi

Katika kuihakiki *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), imekuwa desturi kuazima ngazi ya mahitaji ya Abraham Maslow (1943) na kuhitimisha kwamba Rosa alipotoka kwa kukosa mapenzi. Nami nilirudi kutoka ng'ambo nimeibeba ngazi hiyo. Sasa naona haitufikishi mbali. Rosa analishwa kwa jasho la mamaye, Regina, na anapendwa naye. Kwa kipimo cha ngazi, angepaswa kupanda.

Edward Deci na Richard Ryan wanatupa njia nyingine: binadamu huhitaji kujiamulia mambo yake, kulimudu ajaribulo, na kuungana na wenziwe, wala mahitaji haya hayangojani zamu. Tumtazame basi Zakaria. Anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya Charles, hamfunzi kuwapima wanaume. Ampokonya nafasi ya kupima. Utiifu unaofuata si tabia bali hofu, na hofu haisafiri mbali na fimbo. Rosa afikapo chuoni Morogoro hana uamuzi wake wa kuutegemea, kwani hakuruhusiwa kuuzoea.

Yaweza kusemwa kwamba nadharia hii ni ya Marekani, imtukuzako mtu binafsi, na kwamba haiwafai watu wa Ukerewe. Sikubali. Kujiamulia si kuukana ukoo.

Linalonitatiza ni Regina. Kumwita mama mwema tu, kama tufanyavyo madarasani, ni kulikwepa swali: binti alijifunza nini kwa kumtazama mama akivumilia?