Tembo alishindwa na kalenda

Mwaka 2017, pale Thika Road Mall jijini Nairobi, bango la supamaketi ya Nakumatt lenye picha ya tembo lilishushwa na jina la Carrefour likapandishwa. Jengo halikuhama. Wateja walibaki walewale wa Roysambu na Kasarani, maegesho yaleyale, unga na sabuni kutoka viwanda vilevile. Nakumatt ilikuwa imeshindwa hata kujaza rafu. Aliyeingia baada yake akajaza rafu na foleni pia. Mwaka uliofuata mambo yakajirudia Junction, barabara ya Ngong. Ni nadra mchambuzi wa biashara kupata jaribio safi kiasi hiki: kila kitu kimebaki kama kilivyokuwa, amebadilika mwenye duka tu.

Kwa hiyo sababu nyepesi tuziweke kando mapema. Mahali hapakuwa pabaya. Wateja hawakuwa wamefilisika. Wapo wanaosema tatizo ni biashara za kifamilia, kwamba ndugu wakigombana duka hufa. Ndugu wa supamaketi ya Tuskys waligombana kweli, na ugomvi wao ulifika mahakamani. Lakini wa supamaketi ya Naivas nao walifikishana mahakamani baada ya mwanzilishi wao, Peter Mukuha Kago, kufariki mwaka 2010, na mvutano huo ulichangia kuvunja mpango wa kuiuzia Massmart ya Afrika Kusini sehemu kubwa ya hisa. Leo Naivas ina matawi zaidi ya 100 na Tuskys haipo. Ugomvi wa ndugu unaumiza, ila hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Na ajabu ni kwamba wote watatu wametoka sehemu moja. Nakumatt ni ufupisho wa Nakuru Mattress, duka la magodoro. Tuskys walianzia Rongai, huko huko Nakuru, na kampuni yao nayo ilibeba jina la magodoro: Tusker Mattresses. Naivas nao chimbuko lao ni Rongai. Ukitaka kujua kwa nini wawili walizama na mmoja akaogelea, acha kuangalia mlango wa mbele na uende nyuma, kwenye chumba ambako ankara za wasambazaji zinahifadhiwa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana neno lao kwa kinachofanyika humo: mali kauli. Mwenye mzigo anakukabidhi mzigo, unauza, unamlipa baadaye. Supamaketi nzima inasimama juu ya mali kauli. Mteja analipa leo, taslimu au kwa M-Pesa; kiwanda cha sabuni kinalipwa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90. Katikati ya siku hizo pesa iko mkononi mwa mwenye duka, na si yake.

Tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano. Duka linauza kila siku bidhaa ambazo gharama yake ya kununulia ni shilingi milioni 1. Bidhaa inakaa dukani siku 30 kabla ya kuuzwa, kwa hiyo mzigo uliomo ni wa milioni 30. Wasambazaji wanalipwa baada ya siku 60, kwa hiyo deni lao ni milioni 60. Toa mzigo kwenye deni: duka limebaki na milioni 30 taslimu ambazo hakuna benki iliyozikopesha wala mwenye hisa aliyezichangia. Hazina riba. Zinakaa kwenye akaunti, zinameremeta, na meneja anaziona kama faida.

Mtego uko hapo. Milioni 30 zinatosha kuanza kulipia fanicha, friji na kodi ya tawi la pili. Tawi la pili likifunguka, nalo linapewa mzigo wa mali kauli na kuzalisha milioni 30 zake, zinazofungua la tatu. Kadiri unavyokua, ndivyo pesa ya watu inavyojaa mkononi, na ndivyo unavyoonekana hodari.

Sasa mauzo yashuke kwa asilimia 20, kwa sababu yoyote: uchaguzi, ukame, mpinzani mpya ng'ambo ya barabara. Gharama ya bidhaa zinazouzwa kwa siku inakuwa laki 8. Deni la siku 60 linapaswa kushuka hadi milioni 48, mzigo hadi milioni 24. Ile pesa ya bure imepungua kutoka milioni 30 hadi 24. Milioni 6 lazima zitoke mfukoni, kwa sababu leo unalipia mzigo uliochukua miezi miwili iliyopita, enzi za neema, kwa mauzo ya leo ambayo ni madogo. Zidisha kwa matawi 60: milioni 360. Na pesa hiyo haipo benki. Imeshageuka sakafu ya vigae, taa na ngazi za umeme.

Nakumatt ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mengine yalikuwa wazi saa 24. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Tanzania ya Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini ambayo ilikuwa imeamua kuondoka. Mtu angejiuliza: kama Shoprite, yenye mtaji wa bara zima, imeona hapalipi, wewe unanunua nini? Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, anayetaka mafuta ya kupima na vitunguu vitatu hapandi gari kwenda Mlimani City. Anakwenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ambaye pia anamkopesha hadi mwisho wa mwezi. Ukuaji wa aina hii haukusukumwa na wateja. Ulisukumwa na kiu ya ile pesa ya kati.

Juu ya mali kauli Nakumatt iliongeza mikopo ya benki na hati za deni za muda mfupi, zinazoiva baada ya miezi na kuhitaji kukopwa upya. Tawi jipya huchukua miaka kurudisha gharama yake. Kujenga cha miaka kwa pesa ya miezi kunawezekana ikiwa kila anayekudai atakubali kusubiri tena, na tena. Siku mmoja akikataa, wote wanasikia.

Wakasikia. Msambazaji aliyecheleweshewa malipo haendi mahakamani kwanza, anaacha kuleta. Anayebaki anadai taslimu kabla ya lori kushusha mzigo. Rudi kwenye mfano wetu: siku 60 zikiwa sifuri, duka linapaswa kulipia taslimu kila mzigo mpya na wakati huohuo kulipa milioni 60 za zamani. Halina. Rafu zinaanza kuonyesha mbao. Wafanyakazi wa dukani wana ujanja wao wa kuficha hilo: wanavuta pakiti mbele, safu moja tu, nyuma hewa, kisha wanapanga maji ya chupa na karatasi za chooni mita kumi mfululizo. Mteja haambiwi kitu, lakini anaona. Aliyekuja kununua vitu ishirini akakosa vitano hanunui hivyo kumi na vitano. Anaacha kikapu na kwenda kwingine, kwa sababu hakuna anayependa kuzunguka maduka mawili kwa chakula cha jioni kimoja. Mauzo yanashuka zaidi, na hesabu inaanza upya kutoka chini zaidi.

Mwenye jengo naye ana kalenda yake. Supamaketi kubwa ndiyo inayovuta watu kwa wapangaji wadogo, muuza viatu na mwenye mgahawa. Ikikauka, wote wanakauka. Ndiyo maana wenye majengo waliwahi kufunga milango ya Nakumatt kabla hata ya benki.

Mwaka 2017 Tuskys walijitokeza kuiokoa Nakumatt. Mpango haukufika popote. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, madeni yakiwa yamekisiwa kufika takriban shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Mwaka huohuo Tuskys, mwokozi, akawa yeye wa kuokolewa: wasambazaji hawajalipwa, matawi yanafungwa moja baada ya jingine.

Supamaketi ya Uchumi ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana ilianguka mara mbili kwa kosa lile lile. Ilianzishwa na serikali katika miaka ya 1970, ikauza hisa zake kwa umma mwaka 1992, ikafungwa Juni 2006 baada ya kujitanua kupita nguvu zake. Serikali, benki na hata wasambazaji wakainyanyua, na mwaka 2011 ikarudi kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Watu walidhani imejifunza. Ikavuka tena mipaka. Juni 2015 bodi ikafukuza viongozi wa juu, Oktoba ikafunga maduka yote ya Uganda na Tanzania, na kutoka hapo haikuinuka.

Naivas walipotaka kukua waliuza kipande cha nyumba. Mwaka 2020 walitoa asilimia 30 ya hisa kwa kundi la wawekezaji likiwamo shirika la IFC la Benki ya Dunia; mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likashika asilimia 40. Quickmart, supamaketi nyingine ya Nakuru, iliunganishwa na supamaketi za Tumaini chini ya mfuko wa uwekezaji wa Adenia. Pesa ya hisa haina tarehe ya kuiva. Haikupigii simu Ijumaa jioni. Na inakuja na watu wa nje wanaokaa kwenye bodi na kuuliza kila tawi limeuza kiasi gani Jumatano, swali ambalo kwenye meza ya familia huonekana utovu wa adabu.

Lakini nisiwadanganye kwamba mtaji peke yake ni dawa. Shoprite iliingia Kenya mwaka 2018, ikachukua Westgate na Garden City zilizoachwa na Nakumatt, na kabla ya miaka mitatu kumalizika ilikuwa imeondoka. Haikukosa pesa. Ilikuwa na maduka manne, na maduka manne hayawezi kubeba gharama ya bohari, malori na ofisi ya manunuzi, wala hayana nguvu ya kumwambia mwenye kiwanda shusha bei. Nakumatt ilikuwa na matawi mengi kuliko pesa yake. Shoprite ilikuwa na pesa nyingi kuliko matawi yake.

Wala waliofaulu si malaika. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja muuza asali, mwingine wa mafuta ya kupikia. Kampuni ikakata rufaa. Malalamiko yalihusu makato na punguzo ambalo msambazaji analazimika kulitoa ili bidhaa zake zipate rafu. Nakumatt ilimbana msambazaji kwenye siku. Carrefour imetuhumiwa kumbana kwenye bei. Mwenye kiwanda anachukia vyote viwili, ila anayekatwa bei bado anajua mwezi huu atapata kiasi gani, na Jumatatu lori lake linarudi kushusha mzigo.

Matawi sita ya mwisho ya Nakumatt yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422. Ukigawanya, kila tawi ni kama milioni 70. Wenye mali kauli walisimama nyuma ya benki kusubiri zamu yao, ankara mkononi.